Mla-nzi Mweusi na Miti Mikavu ya Kondoa

Katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mtu amwonaye ndege mweusi juu ya tawi kavu husema mara moja kuwa ni mramba. Mara nyingi husema kweli. Lakini pengine huwa ni mla-nzi mweusi, ambaye wataalamu humwita Melaenornis pammelaina. Neno la kwanza la jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "mweusi" na "ndege", maelezo ambayo, kwa kweli, hayamsaidii mtafutaji hata kidogo.

Yafaa kutazama jicho na mkia. Mramba ana jicho jekundu na mkia uliogawanyika panda. Jicho la mla-nzi ni la kahawia, na mkia wake umekatika karibu sawasawa. Tena mramba ni mgomvi, hushambulia hata kipanga, ilhali mwenzake ni mpole. Wako wanaodhani kwamba mfanano huo humpa yule mpole kinga. Dhana hiyo yavutia, ila ushahidi wake haujatosha.

Ijapokuwa aitwa mla-nzi, chakula chake kingi hukipata ardhini. Hutulia kimya juu ya tawi la chini, akaangalia, kisha hujitupa, akamnyakua mdudu na kurejea. Basi ahitaji matawi ya kutulia, na chini yake ardhi isiyosongwa na vichaka. Kiota chake hukiweka ndani ya tundu la mti, juu ya kigutu kilichovunjika, au nyuma ya gome lililobanduka.

Hapo ndipo penye tatizo. Kondoa iliharibiwa sana na mmomonyoko wa udongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Mashina ya miyombo yaliyobaki yalichipua, na vilima vilivyokuwa vitupu vikarudia kijani. Lakini chipukizi halina tundu wala gome lililobanduka; hayo huja na uzee wa mti. Na mti uliozeeka ukakauka ndio watu huutwaa kwanza kwa kuni, wala hakuna auhesabuye kuwa ni hasara, kwani umekwisha kufa.

Mla-nzi hutaga katika miezi ya kukaribia mvua na mvua zinapoanza, wakati uleule ambao kila mji hujiwekea kuni kavu kabla hazijaloa.