Watoto wa Shamba katika Picha za Rangi za Maji

Malkia Victoria alitawala Uingereza tangu mwaka 1837 mpaka 1901. Katika miaka hiyo wachoraji wengi wa Kiingereza walipenda sana kuchora watoto walio nje: mmoja achuma maua kando ya njia, mwingine ameegemea lango la shamba, wengine wamekaa majanini pamoja na mwana-kondoo. Picha hizo zilipata wanunuzi wengi, na hata leo huonekana katika kadi na kalenda. Yafaa tujue zilifanywaje, kisha tuulize kama zasema kweli.

Rangi ya maji ni rangi iliyosagwa ikachanganywa na gundi ya mti. Mchoraji huilainisha kwa maji na kuipaka kwa brashi juu ya karatasi nyeupe. Kwa kuwa ni nyepesi, weupe wa karatasi huonekana chini yake, na ndio unaoipa picha mwangaza. Akitaka wingu jeupe, huacha karatasi tupu. Kosa ni gumu kufutika, kwa hiyo kazi hii yataka mkono wenye hakika.

Myles Birket Foster (1825–1899) alijifunza kwanza kazi ya kuchonga vibao vya mti vya kupigia chapa picha za vitabu. Mkono wake ukazoea mambo madogo madogo. Hata alipoanza kupaka rangi alitumia vidoa vidogo visivyo na idadi, akachanganya na rangi nyeupe nzito. Alijenga nyumba Witley, katika jimbo la Surrey.

Mwaka 1881 akahamia karibu na hapo Helen Allingham (1848–1926). Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki mwaka 1862, na binti huyu baadaye akajipatia riziki kwa kuchorea magazeti. Yeye hakupenda rangi nyeupe nzito. Alipotaka mwanga aliikwaruza karatasi kwa kisu mpaka weupe wake ukatokea. Mwaka 1890 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili wa Chama cha Wachoraji wa Rangi za Maji, kilichoanzishwa London mwaka 1804.

Wa tatu ni Kate Greenaway (1846–1901). Kitabu chake cha mwaka 1879, Under the Window, kilipigwa chapa nakala 20,000, zikanunuliwa upesi zote.

Sasa tutazame vizuri. Watoto wa Greenaway wamevaa nguo ambazo watoto wa wakati wake hawakuzivaa. Ni mitindo ya siku za mababu zao, naye alizishona mwenyewe akawavika watoto aliowachora. Allingham naye, akikuta nyumba ya kale imetiwa dirisha jipya, alipenda kulichora la zamani. Basi tusidhani kwamba wachoraji hawa walinakili tu waliyoyaona.

Na watoto wenyewe je? Watoto wengi wa maskini huko mashambani walifanya kazi: kuamia ndege, kuokota mawe, kupalilia. Wengine walichukuliwa kwa makundi kwenda kulima mbali na kwao. Hata Bunge likatunga sheria mwaka 1867 kukataza mtoto wa chini ya miaka 8 asitiwe katika makundi hayo. Na ni mwaka 1880 tu watoto wote wa Uingereza walipolazimishwa kwenda shule mpaka umri wa miaka 10. Katika picha hizi mara chache utaona mkono wenye sugu.

Sababu si ngumu kuiona. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa nchi ile walikwisha kuwa watu wa mijini. Wanunuzi wa picha walikaa katika moshi wa viwanda. Walitaka kutundika ukutani kijani na utulivu, si taabu ya mtoto wa mtu mwingine.

Hata hivyo picha hizi si za kutupwa. Nyumba nyingi alizochora Allingham zilikuwa karibu kubomolewa au kubadilishwa, na sura zake za kale twazijua kwa sababu yake. Lakini wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Kila utazamapo picha yo yote, ya mchoraji au ya kamera, uliza mambo matatu: nani aliifanya, alimfanyia nani, na nini hakikutiwa ndani yake.