Taa za Sikukuu Chini ya Kompyuta



Desemba iliyopita, katika ukumbi wa kiwanda, ndugu yetu mmoja alipanda ngazi kubadili balbu katika taa za Krismasi. Taa zote zilikuwa zimezimika, naye akaamini hakuna umeme. Kumbe kompyuta ilikuwa imezizima kwa sekunde chache tu. Zamu ya mstari ule ilipofika, kidole chake kilikuwa ndani ya tundu. Alianguka akavunjika mkono. Inafaa basi tueleze mtambo huu.

Taa za zamani hazihitaji kutupwa. Kompyuta ndogo hutoa volti 3 au 5 tu, umeme usioweza kuwasha taa za volti 240. Katikati huwekwa rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Kila mstari wa taa una rilei yake. Mistari 8, rilei 8. Mstari wa wati 60 hula robo ampea, mzigo mwepesi kwa rilei. Rilei za sumaku hulia ta-ta-ta na kuchakaa upesi zikiwashwa na kuzimwa usiku kucha. Zile za elektroniki hudumu, lakini hata zikizimwa huvujisha umeme kidogo.

Watoto walizifurahia sana, hatukatai.

Sasa hatari yenyewe. Katika mstari wa kawaida balbu 20 za volti 12 hufuatana, umeme ukitoka moja kwenda nyingine, kila moja ikichukua sehemu yake ya zile volti 240. Ndiyo maana moja ikiungua zote huzimika. Lakini ukiichomoa balbu, umeme hautembei, nyingine hazichukui kitu, na volti zote 240 hukusanyika kwenye tundu lile tupu. Aliyedhani anagusa volti 12 amegusa 240.

Kwa hiyo tunadai: plagi ichomolewe kabla ya mtu kupanda, swichi kuu iwe karibu na ngazi, rilei ikate waya wa moto, na kila mstari uwe na fyuzi. Kazi hii ni ya fundi wa umeme. Msimamizi asimwite mtu kwa sababu tu anajua kupanda.

Ndugu yetu ni mfagiaji. Fidia yake bado tunaidai.