Mvua ya kiwanda si mvua ya Mungu tena



Nilipokuwa mu staji, mwaka wa mwisho wa masomo, nilipewa kazi yenye ilionekana nyepesi: mvua ikinyesha, nichukue chupa, niende ku mufereji wenye kutoa maji ya kiwanda inje, nichote, nipeleke ku laboratwari. Siku ya mvua ya kwanza ya Novemba nilifika pale mbio. Maji yalikuwa mekundu, na mafuta yanang'aa juu. Nikaita shefu. Akaangalia, akaniambia: «Ngoja kwanza, mutoto. Maji iko muchafu sana.» Tulingoja saa moja na nusu. Maji yakakuwa meupe kidogo, nikachota. Matokeo yalikuwa mazuri. Raporti ikatiwa sahihi.

Hakuna namba hata moja yenye ilibadilishwa. Lakini raporti ilikuwa ya uongo. Leo nataka tuelewane juu ya nini.

Watu wengi wanafikiri mvua ni ya Mungu, kiwanda hakihusiki nayo. Lakini tufuate tone moja. Linatoka juu safi. Linaanguka ku lundo la mawe ya shaba, ao pahali kamio zinamwanga mafuta, ao ku fere ya zamani. Linabeba kila kitu, linapita mu mufereji, linaingia mu muto kule chini kwenye mama anamwangilia lengalenga. Lilipoingia mu parsele lilikuwa mvua. Lilipotoka, limekuwa maji ya kiwanda.

Marekani waliandika jambo hilo wazi mu sheria. Sheria yao ya maji ya 1972 ilikataza kiwanda kumwanga uchafu mu muto kupitia bomba ao mufereji bila kibali. Kwa muda murefu watu waliangalia zaidi bomba za maji ya kazi. Mu 1987 bunge lao likaongeza maji ya mvua kwa jina lake, na mu 1990 ofisi yao ya mazingira, EPA, ikatoa kanuni kwa viwanda. Tangu 1995 kuko kibali cha jumla kwa aina mingi za kazi, hata migodi. Majimbo mengi yanatoa vibali vyao yenyewe, lakini musingi ni ule ule.

Kibali hicho kinaomba mambo tatu.

Ya kwanza ni mupango wa kuandikwa. Karte ionyeshe maji yanapita wapi, yanatokea wapi, na vitu gani vinalala inje. Halafu kiwanda kizuie mbele ya kupima: paa, bashe juu ya lundo, mufereji wa kuzungusha maji safi yasiguse uchafu. Kama vyote viko chini ya paa na mvua haigusi kitu, kiwanda kinaweza kuandika vile na kusamehewa kibali.

Ya pili ni macho. Mara moja kwa kila miezi tatu, mutu anachota maji mu chupa yenye kuonyesha ndani, anaangalia rangi, harufu, povu, mafuta, na uchafu wenye kuelea ao kushuka chini. Haiombi mashini yoyote.

Ya tatu ni laboratwari. Vipimo vinafuata aina ya kazi. Kwa mugodi wa shaba, kwa mufano, kibali cha EPA cha 2021 kinaweka miligramu 100 kwa litre kwa udongo wenye kuelea mu maji, na miligramu 120 kwa uchafu wenye kumaliza oksijeni. Wanahesabu wastani wa vipimo ine. Kupita namba hizo, peke yake, si kosa. Kosa ni kuzipita halafu kukaa kimya, bila kutengeneza kitu.

Sasa tufike ku ile saa moja na nusu yangu. Kibali kinasema maji yachotwe mu dakika 30 za kwanza tangu yanapoanza kutoka, na mvua ya mbele yake ikuwe imepita masaa 72. Juu ya nini? Juu maji ya kwanza njo yanasafisha kiwanda: yanabeba vumbi na mafuta ya siku zote za jua. Mwenye anachota kisha saa moja na nusu anapima paka kiwanda chenye mvua imekwisha kuosha. Kama dakika 30 zilishindikana, kibali kinaruhusu kuchota mara inapowezekana, lakini uandike sababu.

Na nani anachota? Kiwanda chenyewe. Serkali haiwezi kuweka mutu ku kila mufereji kila mvua ikinyesha. Marekani, kuandika uongo ni kosa la jinai, na raia mwenyewe anaweza kupeleka kiwanda mbele ya tribinali. Lakini mwanzo wa yote ni kijana mumoja, na chupa, chini ya mvua.

Kwetu Kongo kuko sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011, na Kode ya migodi ya 2002 yenye ilirekebishwa mu 2018. Zinaomba uchunguzi na mupango wa mazingira mbele ya kazi kuanza. Kode ya 2018 inasema mwenye mugodi atalipa uharibifu hata kama hakufanya kosa. Lakini uharibifu unashuhudiwa na nini, kama si makaratasi yetu?

Wengi kati yetu tutaingia mu kazi hizi. Shefu atasema «ngoja», na mukate uko mu mikono yake. Sitawaambia mugombane naye. Nawaomba kitu kimoja: ku kila chupa, andika saa mvua ilianza, saa maji yalianza kutoka, na saa ulichota. Mistari tatu tu. Ningeandika mistari ile siku ile, raporti yangu ingesema kweli, hata na ile sahihi chini yake.