Salamu ya Mara Moja kwa Mwaka

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulikuwa salamu ya sikukuu, tena ulikwenda kwa mtu wa kazi. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth aliketi mbele ya kompyuta, akaandika maneno mawili ya kutakia Krismasi njema na kuyatuma kwa Richard Jarvis, mkurugenzi katika kampuni ya simu ya Vodafone, aliyekuwa kwenye sherehe ya sikukuu. Jarvis aliusoma ujumbe, ila hakuweza kuujibu: simu aliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kuandika.

Siku hizi kila simu inaandika, na shida imehamia upande wa pili. Ikifika jioni ya Desemba 24, simu ya mtu mwenye shughuli haitulii: picha za mishumaa, kengele, maua, maandishi ya dhahabu, na juu yake alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba picha hiyo imepita mikononi mwa wengi. Mpokeaji hufuta bila hata kuangalia nani ametuma. Zipo pia zile salamu zinazotumwa kwa mkupuo kwa orodha nzima ya wateja. Kwenye WhatsApp, ujumbe wa namna hiyo humfikia tu mtu aliyeisevu namba ya mtumaji, kwa hiyo fundi au wakala anayedhani amewasalimia wateja 200 huenda amewasalimia thelathini tu, na pengine ndio walewale anaoonana nao kila wiki.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa, kwa sababu watu wanaohitaji salamu ya sikukuu ni wale wasioonana na mtumaji. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Aliwauliza wafanyakazi wa eneo la Newton, karibu na Boston, waliopata kazi mpya kupitia mtu, walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Waliosema mara kwa mara walikuwa asilimia 17 hivi. Asilimia 56 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake haina ugumu. Rafiki wa kila siku anajua yaleyale anayoyajua mwenzake. Mchongo mpya hutoka kwa aliyekuwa bosi miaka minne iliyopita, kwa mwenzake wa semina ya Dodoma, kwa mteja aliyehamia Mwanza. Na mtu wa mara moja kwa mwaka anatosheka na salamu ya mara moja kwa mwaka, mradi ije kweli.

Wengi husita kuituma. Huona aibu kumsalimia mtu waliyemnyamazia muda mrefu, wakihofu ataona wana lao jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake, ukiwa na majaribio 13 na washiriki zaidi ya 5,900, ulionyesha kwamba hofu hiyo ina chumvi: anayetafutwa hufurahi kuliko anavyodhani anayemtafuta, na hufurahi zaidi pale ambapo hakutarajia.

Furaha hiyo, hata hivyo, huzimika mara moja mzinga ukifuata. Salamu inayoanza na heri ya mwaka mpya na kuishia kwenye ombi la kazi, la mkopo au la tenda ni ombi lililovalishwa nguo za sikukuu, na mpokeaji hulitambua kabla hajafika mstari wa pili. Inayodumu ni ile inayotaja jambo ambalo wawili hao tu wanalijua, kisha ikanyamaza. Mfanyakazi kijana anayemwandikia aliyekuwa mkuu wake wa idara anaweza kusema hivi: “Shikamoo mama. Ule mpangilio wa ripoti ulionifundisha bado ninautumia, na mwaka huu bodi imeipitisha bila kurudisha hata ukurasa mmoja. Nakutakia Krismasi njema wewe na nyumba yako.” Ni sentensi chache zisizoomba chochote, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kutumiwa ujumbe uleule. Aliyefiwa ndani ya mwaka huo huanziwa na pole. Kumrushia vigelegele kabla ya kumpa pole ni kumwambia kwamba msiba wake haukusikika.

Muda nao una kanuni zake. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31, na wiki ya mwisho mhasibu hana nafasi ya kusoma salamu. Wengine wako njiani: mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi yamejaa Wachaga wanaokwenda kuhesabiwa, kama utani unavyosema, na Nairobi watu wameshapanda magari ya ocha, yaani ya kijijini kwao. Ujumbe uliotumwa katikati ya Desemba, kabla ya msafara kuanza, husomwa kwa utulivu. Uliochelewa usikimbizwe; wiki ya pili ya Januari inafaa zaidi kuliko usiku wa mkesha. Lakini Januari ni mwezi wa ada na sare za shule, Wakenya wenyewe huuita Njaanuari, kwa hiyo hata mwaliko wa chakula cha mchana ueleze mapema nani analipa.

Safari yenyewe ya nyumbani ni nafasi ambayo simu haiifikii. Mkurugenzi ambaye mjini hupatikana kwa kupitia walinzi wawili na katibu muhtasi, kijijini amekaa kwenye benchi nje ya kanisa akiwa na ndala. Kumpita bila kumsalimia ni utovu wa adabu, na kumfungulia faili la biashara palepale ni utovu mkubwa zaidi. Kinachotosha ni kuwaulizia wazee wake na kuagana.

Kalenda za ukutani na diari bado zina heshima yake, hasa madukani na kwenye ofisi ndogo, kwa kuwa jina la mtoaji hubaki ukutani miezi kumi na miwili. Kapu lenye mchele, mafuta na kitenge ni habari nyingine. Likipelekwa kwa mtumishi wa umma anayesimamia zabuni au kibali cha mpelekaji, huacha kuwa zawadi: Tanzania na Kenya zote zina sheria za maadili zinazombana mtumishi kuhusu anachopokea. Kwa mtu wa namna hiyo, kadi inatosha.

Kwa wadau Waislamu, salamu ya Desemba haichukui nafasi ya salamu ya Idd, na ya Idd haitumwi kabla mwezi haujaandama. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kumbusho la Idd lililowekwa kwenye simu mwaka jana litalia sikukuu ikiwa imeshapita.