Majani ya Porini Yanayoulinda Mkate Wako

Ndugu msomaji, mkate ulao asubuhi kabla ya kwenda kazini una adui mkubwa. Adui huyo ni kutu ya shina, ukungu unaoota juu ya bua la ngano kwa mabaka mekundu, ukanyonya chakula cha mmea hadi punje zikasinyaa na bua likavunjika. Vumbi lake huchukuliwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, na hata kuvuka mipaka ya nchi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa adui huyo ameshindwa. Wataalamu walikuwa wameichukua chembe ya urithi iitwayo Sr31 kutoka katika rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, na mbegu zenye chembe hiyo zikaenea sehemu nyingi za dunia. Hatari ilikuwa papo hapo: mashamba mengi mno yalitegemea ngao moja. Mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu mpya iliyoweza kuivunja ngao hiyo. Ikaitwa Ug99. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imekwishafika Kenya, Ethiopia, Yemen na Iran.

Je, ngao nyingine zapatikana wapi? Zimo katika mbegu za kale za wakulima, na katika majani ya porini ambayo mpita njia huyaona magugu tu. Mwaka 2013 wanasayansi waliitambua na kuitenga chembe ya Sr33, iliyotoka katika jani mwitu la Asia ambalo ni mmoja wa wazazi wa ngano ya mkate.

Huko Njoro, Kenya, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa makusudi penye kutu. Zinazoanguka huachwa, zinazosimama huzalishwa. Hata hivyo, kazi hiyo haina mwisho. Mbegu ya Kenya iitwayo Robin ilistahimili Ug99, lakini mwaka 2014 kutu ikageuka tena na kuishambulia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkulima anapokwenda kununua mbegu mpya, ambayo kweli huzaa zaidi, asiitupe ile ya wazee wake pasipo kwanza kuwapa wataalamu kiasi cha kuhifadhi ghalani. Mbegu ikishapotea, hakuna kiwanda kiwezacho kuirudisha. Na siku kutu itakapogeuka tena, huenda hiyo ndiyo itakayouokoa mkate wa watoto wetu.