Maua ya Uani na Joto la Kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapotawala, mwambao wa Waswahili pamoja na visiwa vyake hupata joto la nyuzi 32 hivi mchana, na hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari. Kinachoua mimea mingi ya bustani wakati huo si jua peke yake. Jani hujipoza kwa kutoa mvuke, na hewa ikishajaa maji, mvuke huo hutoka kwa shida. Usiku nao haupoi vya kutosha, hivyo mmea huendelea kutumia sukari uliyoitengeneza mchana badala ya kujiwekea akiba. Mvua za masika zikifuata, majani hukaa na maji kwa muda mrefu na ukungu hupata pa kuota. Ndiyo sababu mwaridi wa kisasa, unaostawi Naivasha kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, ukishushwa Mombasa mara nyingi hutokwa na madoa meusi na kupukutisha majani, hata ukimwagiliwa na kutiwa mbolea.

Watu wa pwani walikwisha kulijibu tatizo hili kwa njia ya mila. Katika nyua za Lamu, Mombasa na Unguja, mimea iliyopewa nafasi ni ile iliyohitajiwa na mwanamke katika kujipamba na katika harusi: asumini wa kutungwa kwenye uzi, mrihani, mkilua, mlangilangi, na mhina ambao majani yake husagwa yakapakwa mikononi na miguuni mwa bibi harusi. Maua hayo na majani ya mrihani hufungwa pamoja yakawa kikuba, kikavaliwa ili kitoe harufu nzuri. Nadai kwamba desturi hii, ingawa huelezwa kama jambo la manukato tu, ni elimu kamili ya kuchagua mimea ya nchi yenye joto na unyevu. Harusi haingoji msimu mzuri. Mmea uliotegemewa kwa kikuba ulipaswa kuwa hai na wenye maua hata baada ya kaskazi kali, na uliokufa haukuwa na tawi la kumpa jirani. Asumini huenea kwa tawi kukatwa kwa mama mmoja na kuchomekwa uani kwa mwingine. Kwa hiyo kila kizazi kilirithi tu kile kilichovuka majira yote ya kizazi kilichotangulia. Sijui jaribio gani la bustani lingeweza kudumu muda mrefu kuliko hilo.

Mtu anaweza kupinga kwamba mingi ya mimea hii ni ya kuja. Ni kweli: asumini na mlangilangi asili yao ni Asia. Lakini inatoka katika nchi za joto na unyevu zinazofanana na zetu, ikaletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kipimo, basi, ni hali ya hewa ya kule mmea ulikotoka. Uenyeji peke yake hautoshi kuwa hoja, wala ugeni si kosa, ingawa tahadhari inahitajika: mwarobaini, uliokuja kwa sifa ya dawa na kivuli, sasa unajiotea wenyewe ndani ya misitu ya pwani na kuisonga miti ya humo. Kwa upande mwingine, mkilua ni wa kwetu hasa. Ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unaoishi chini ya kivuli cha miti mikubwa, na wataalamu wa mimea waliuundia jenasi yake mwaka 1970. Wanawake waliokuwa wakiupanda karibu na ukuta au chini ya mwembe walikuwa wanaurudishia kivuli ulichokizoea msituni.

Pingamizi zito zaidi ni la nafasi. Nyumba mpya hazina ua, na penye ua huwekwa matofali ya saruji yanayozidisha joto, au nyasi za mapambo zinazonyweshwa kila siku kipindi ambacho visima vya mtaani vinatoa maji ya chumvi. Hata hivyo asumini na mrihani havidai shamba. Kwa miaka mingi vimekuzwa ndani ya madebe na vyungu vilivyotoboka, na kibaraza cha ghorofani kinavitosha. Kinachopotea haraka ni mkilua, kwa sababu unahitaji ardhi na kivuli, na misitu yake ya asili inazidi kukatwa. Anayejenga pwani leo na akabakiwa na kipande cha udongo kando ya ukuta, asikimbilie kitalu kinacholeta miche ya bara. Aende kwanza kwa mama wa mtaani anayefunga vikuba, amwombe mbegu za mkilua na tawi la asumini.