Asiransi ya mbwa wa lupango



Mwezi huu swali limetoka kwa mwenzetu wa timu ya usiku. Shemeji yake anayekaa Ubelgiji amemwambia kwamba kule mtu analipia mbwa wake asiransi, na mbwa akivunjika mguu kampani ya asiransi inamlipa munganga wa wanyama. Akaniuliza: «Na sisi hapa Kakanda, je?» Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka sana, na sababu yake utaiona.

Asiransi ni kitu chepesi kuelewa. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo, na yule anayepatwa na hasara analipwa kutoka kapu hilo la wote. Huko Swedeni walianza kuandikisha mbwa mwaka 1924. Marekani, mwaka 1982, moja ya karatasi za kwanza iliandikwa kwa Lassie, mbwa wa televisheni. Lakini mfano wa karibu nasi uko Kenya. Tangu mwaka 2010 wafugaji wa Marsabit wananunua bima ya ng'ombe, mbuzi na ngamia wao. Hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga: chombo kinachozunguka angani kinatazama majani, na yakikauka kupita kipimo walichopatana, mfugaji analipwa.

Kwetu Kongo, SONAS ilishika asiransi peke yake tangu miaka ya 1960, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungulia kampani nyingine mlango. Kwa hiyo siku moja muuzaji anaweza kubisha hodi kwako na karatasi yenye maandishi madogo, iwe ya mbwa, ya ng'ombe au ya mtu. Kabla ya kutia sahihi muulize: inaanza kulipa baada ya siku ngapi? Ugonjwa uliokuwapo tangu zamani, inaulipa? Mwisho wake ni kiasi gani kwa mwaka? Na mimi mwenyewe nitabaki kulipa sehemu gani? Akikwepa hata swali moja, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Sasa turudi kwenye lupango lako. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwamuru mwajiri kumtunza mfanyakazi akiugua, pamoja na bibi yake na watoto wake. Mbwa hamo katika karatasi ile, hata kama anakula bukari yako kila siku na kulinda mlango usiku kucha.

Lakini meno yake yanaweza kuingia katika jamaa yako. Mtoto mmoja aliletwa dispensari siku ya tatu baada ya kuumwa na mbwa wa jirani. Kidonda kilikuwa kimepakwa majivu na pilipili. Mbwa alikuwa amekwisha kupotea, na hakuna aliyejua kama aliwahi kuchanjwa. Baba aliniambia wazi: aliogopa ugomvi na jirani kuliko kidonda. Tulikiosha upya, tukaanza safari za kwenda Likasi kutafuta sindano, moja baada ya nyingine, baba akikosa kazi na mama akikosa usingizi. Mtoto yu hai. Mama yake bado anamhesabia miezi.

Ana haki ya kuhesabu. Kichaa cha mbwa kinakaa mwilini kimya, mara nyingi miezi miwili au mitatu, pengine mwaka mzima. Dalili zikianza, mgonjwa aogope maji na koo libane, hatuna dawa ya kumwokoa, si hapa wala Ulaya. Duniani watu wapata 59,000 wanakufa hivyo kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Na hali sindano ya kuzuia ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipoijaribu kwa mtoto wa miaka 9.

Kwa hiyo asiransi ya mbwa wa Kakanda ni chanjo yake: ya kwanza akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wengine wanasema gharama ya kumleta munganga wa wanyama ni kubwa kwa mbwa mmoja. Ni kweli. Lakini tuna likelemba ya sufuria na ya vitenge; kwa nini tusiwe na likelemba ya mbwa? Chupa moja ya chanjo mara nyingi inatosha mbwa 10, na inataka kukaa katika baridi, si juani. Nyumba 10 za barabara moja zikichanga pamoja, munganga anakuja mara moja, anamaliza chupa yote, na safari yake inagawanywa kwa 10. Mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia katika mtaa mzima.

Mtu akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa, usikisie. Usipake majivu, usifunge kwa nguvu. Mbwa usimwue kama anaweza kufungwa salama: tutamtazama siku 10, lakini mgonjwa hangoji siku hizo, anakuja dispensari leo, hata usiku. Na karatasi ya chanjo ya mbwa iweke pamoja na karatasi za watoto, ili usiitafute siku hiyo.